Daktari wa Nani?

Majirani zangu wa Kiseke wananiita daktari. Mimi si daktari. Nimesomea maabara, na kazi yangu ni kukaa kwenye stuli mbele ya hadubini, kuangalia damu, mkojo na choo cha watu, kisha kuandika nilichokiona na kumpelekea mwingine aamue. Lakini mtaani nani ana muda wa kutofautisha? Ukionekana unatoka kituo cha afya na koti jeupe mkononi, basi wewe ni daktari, imekwisha hiyo.

Ndiyo maana usiku mmoja, yapata saa nane, mlango wangu uligongwa na mama wa nyumba ya tatu, amembeba mtoto aliyekakamaa kwa degedege. "Daktari, nisaidie!" Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kuitwa kwa jina lisilo lako wakati ambapo ungetoa chochote ili liwe lako. Nilichojua mimi ni kumlaza mtoto ubavu, kumlegeza nguo, na kumpigia kijana wa bodaboda. Tulipanda watatu, mtoto wa nne, tukateremka gizani kati ya majabali kwenda hospitali. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa rika langu tu. Akamchoma sindano, mwili wa mtoto ukalegea, akamwambia yule mama, "Usihofu mama, tuko naye." Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, nimeshika kanga ya watu.

Mtoto alipona. Nasimulia habari hiyo kwanza ili mjue naanzia wapi, kwa sababu juu ya meza yangu, chini ya redio, ziko barua mbili.

Ya kwanza inatoka chuo cha udaktari. Nimepewa nafasi. Miaka 5 ya masomo, ukiongeza mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, jumla 6. Nilipomaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, alama zangu hazikutosha kuingia udaktari, nikaangukia maabara. Mlango uliofungwa miaka ile sasa umefunguliwa, na umefunguliwa kwa jasho langu mwenyewe. Ya pili inatoka kwenye mradi wa utafiti wa kichocho. Wananitaka nisome uzamili kwanza, kisha uzamivu, kwa posho ndogo, nikishughulikia swali moja tu: kwa nini watu wa mwambao wanatibiwa na kuugua tena. Barua zote mbili zinataka jibu kabla ya Ijumaa.

Nilipomweleza mama, aliifurahia ile ya kwanza hadi akapiga kigelegele. Ya pili ilibidi nimfafanulie. Nikamwambia, mama, hata hii mwisho wake ni udaktari, nitaitwa Daktari Fulani, ila ni daktari wa kitabu. Inaitwa shahada ya uzamivu.

"Uzamivu ndiyo nini?"

"Imetoka kwenye kuzama. Yaani unazama ndani kabisa ya jambo."

Mama akaniangalia. Mtu wa ziwa hilo neno halichezei. Mwezi Mei 1996 ilizama MV Bukoba, na Septemba 2018 ikazama MV Nyerere pale Ukara. Akasema, "Huku kwetu aliyezama hapewi shahada. Anakaliwa matanga." Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: "Sasa utakuwa daktari wa nani? Daktari wa watoto namjua. Wa meno namjua, wa macho namjua. Wewe utakuwa wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikatania, "Wa konokono." Hakucheka.

Nililipeleka suala hili kijiweni, kituo cha daladala cha Kiseke PPF, ambako hakuna jambo lisilopata mawakili. Mmoja akasema chukua udaktari, daktari halali njaa, na hata ukikosa ajira utafungua duka la dawa. Mwingine akasema chukua uzamivu, watu wa utafiti wanapanda ndege, leo Nairobi kesho Ulaya. Wakabishana mpaka magari mawili yakanipita. Niliporudi nyumbani niligundua kitu: wote walikuwa wakinizungumzia mimi. Nitakula nini, nitaitwa nani, nitapanda nini. Mgonjwa hakutajwa hata mara moja. Na mimi nami, nikiwa mkweli, siku nyingi nilikuwa nikipiga hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo hebu tuliweke upande suala la mshahara na jina, tuulize kama alivyouliza mama.

Ninayo sababu moja kubwa ya kwenda kwenye tiba, nayo ni marehemu mjomba wangu. Alikuwa mvuvi katika kisiwa kimoja cha Ukerewe. Tangu utotoni aliingia majini kila siku iliyoamka, kuvua, kuoga, kusukuma mtumbwi. Akiwa mtu mzima tumbo lake lilianza kujaa huku miguu inakonda, na siku moja akatapika damu, beseni zima. Visiwani wakasema karogwa. Alipofikishwa hospitali ya bara alikuwa ameshatapika mara ya tatu. Nilikuwa sekondari wakati huo. Nakumbuka daktari mwanamke aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda, si kwenye kiti, akamshika mjomba mkono na kumwambia kwa utaratibu kwamba si uchawi, ni kichocho cha miaka mingi, ini limekuwa gumu, damu inakosa njia, inapasua mishipa ya kooni. Wakamwongezea damu. Akaishi siku 9 zaidi. Hizo siku 9 si kitu kidogo. Alizitumia kupatana na kaka yake waliyekuwa hawasemezani, na kumwambia mke wake nyavu ziko wapi na nani anadaiwa. Tena alikufa akijua kwamba hakuna jirani aliyemuua. Yule daktari hakumponya, lakini alimtoa kwenye chuki.

Siku ile niliapa kuwa kama yule mama. Sasa mtu aniambie, nimepewa nafasi ya kukaa kwenye ukingo wa kitanda, niiache nikahesabu konokono?

Tena utafiti wenyewe una maswali ya kujibu. Kichocho si fumbo jipya. Minyoo yake aliigundua Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, huko huko Misri, akaonyesha kwamba vijidudu hivyo hukulia ndani ya konokono wa majini, hutoka humo na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Dawa ya prazikwanteli ilipatikana miaka ya 1970. Yaani mjomba alizaliwa ugonjwa umeshajulikana, ukavulia samaki pamoja naye, ukamuua. Alichokosa hakikuwa elimu iliyoandikwa. Alichokosa ni mtu wa kumfikishia hiyo elimu na vidonge vichache. Ukiongeza utafiti juu ya utafiti, unaongeza nini kama si makaratasi?

Na watu wa mwambao wanalijua hilo. Ukifika kijijini na vikopo vya kuchukulia choo, wazee wanacheka: "Mmekuja tena watu wa mavi?" Wametoa damu, wametoa mkojo, wametoa choo, wamejibu madodoso, kisha gari limeondoka na vumbi lake. Mtu aliyechukua sampuli yao amepata shahada, wao hawajapata hata barua ya kuwaambia kilichoonekana. Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga, na mtafiti wengi hawamjui, naye hawajui wao. Kwake wao ni namba.

Basi mpaka hapo, msomaji, ungedhani nimeshachagua. Mimi pia nilidhani. Kilichonizuia ni kisa kimoja kilichotokea hapa hapa Mwanza.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huu, ulifanyika utafiti ambao leo unasomeshwa duniani kote. Watu walikuwa wanakufa kwa UKIMWI na dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado. Swali lilikuwa: je, tukitibu vizuri magonjwa mengine ya zinaa katika zahanati zetu hizi hizi za kawaida, VVU vitapungua? Jamii 12 zilipangwa jozi jozi. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa huduma: wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikawa zinafika, wasimamizi wakawa wanapita, wananchi wakaelimishwa. Nyingine ikaendelea na huduma ya siku zote. Watu wazima kama 12,000 walipimwa mwanzoni na kufuatiliwa kwa miaka 2. Majibu yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1995. Mahali palipoboreshwa, waliopata VVU katika miaka hiyo walikuwa kama 12 katika kila 1,000. Kwingine walikuwa 19. Pungufu ya karibu asilimia 40.

Toa 12 kwenye 19. Saba.

Nimeikalia hiyo saba usiku mwingi. Katika kila watu elfu, wapo saba ambao hawakuambukizwa kwa sababu zahanati ya kijiji chao ilikuwa na dawa na mtu aliyefundishwa. Ni nani hao? Hakuna anayejua, wala haiwezekani kujua. Mtu hawezi kusimama akasema "mimi ni mmoja wa wale saba," maana hata yeye mwenyewe hajijui. Aliamka asubuhi, akaenda shamba, akazaa watoto, akagombana na wakwe, akazeeka kidogo. Huenda anakaa nyuma yangu kwenye daladala na kulalamika kuhusu chenji. Hakuna aliyemshika mkono. Hakuna aliyemwambia usihofu. Hakuugua, kwa hiyo hana cha kushukuru.

Yule mama wa nyumba ya tatu akiniona mpaka leo ananisalimia kwa mikono miwili, na mimi sikufanya kitu zaidi ya kuita bodaboda. Wale saba hawatamsalimia mtu. Hapo ndipo swali la mama linapokuwa gumu kweli: je, mtu anaweza kuwa daktari wa asiyejulikana? Tunaweza kuwa na wajibu, wajibu wa kweli unaouma, kwa mtu ambaye hatutamwona, hatatujua, na hatajua kwamba kuna kitu alidaiwa akalipwa?

Kabla hujanijibu haraka, nikupe na upande wenye kivuli. Wale saba wana ndugu zao saba. Kule ambako huduma haikuboreshwa, katika kila elfu waliambukizwa saba zaidi, huku daftari likisubiri miaka 2 ikamilike. Hao saba wa pili walikuwa na nyuso, na wakati huo wengi wa walioambukizwa waliishia kaburini. Daktari angeweza kusubiri hivyo? Mgonjwa amekaa mbele yako, na wewe unamtibu mwenzake wa kijiji cha pili ili uone tofauti? Tabibu hafanyi hivyo. Kazi yake ni huyu, sasa hivi.

Nililiwaza hilo hadi nikauchukia utafiti. Lakini kisha nikasoma habari za Rakai, ng'ambo ya ziwa, Uganda. Huko nako walijaribu wazo linalofanana na hilo, kwa njia nyingine: wakawapelekea watu wote dawa za magonjwa ya zinaa majumbani, kila baada ya miezi 10. Majibu yalitoka mwaka 1999. VVU havikupungua. Wataalamu wamebishana sana kwa nini huku ndiyo na kule hapana. Mimi nilichokichukua ni kimoja: kwamba kabla ya kuhesabu, hakuna aliyejua. Waliosubiri Mwanza hawakunyimwa dawa iliyojulikana kuzuia VVU. Walikuwa ndani ya swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa hapana, na Rakai likawa hapana. Moyo mwema peke yake ungetuambia ndiyo kote kuwili. Hilo halifuti uchungu wa wale saba wa pili. Ila linanionyesha kuwa huruma isiyokubali kuambiwa hapana inaweza kupoteza watu wengi bila kujua.

Rafiki yangu mmoja aliyesoma haya kabla yenu aliniuliza, kwa nini usiwe vyote viwili? Wapo waliokuwa vyote. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, na muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Wengine walikuwa wakiwaona watoto hao mmoja mmoja. Yeye akauliza wanatoka wapi. Mwaka 1961 alipakia gari na wenzake wawili, akazunguka hospitali kuanzia Afrika Mashariki hadi Kusini akiuliza kama na huko uvimbe huo upo, na kuchora ramani. Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vikapelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Ni kweli, alikuwa vyote viwili. Lakini angalia: siku alipowasha gari, aliacha wodi. Kuna mtoto alifika Mulago asubuhi hiyo akakosa mkono wa Burkitt. Hata aliye vyote viwili, siku moja huchagua nani wa kumpa kisogo.

Kwa hiyo nikaacha kuuliza kipi kikubwa. Sindano iliyomlegeza mtoto wa jirani ilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kusikia jina Kiseke. Na kazi ya watu hao isingemfikia bila yule kijana wa zamu aliyekuwa macho saa tisa usiku. Huwezi kupanga hivi viwili kwenye mizani. Swali lililobaki ni dogo na ni langu: deni lipi naweza kulilipa kwa uaminifu wakati hakuna anayeniangalia?

Hapa lazima niungame jambo ambalo sijamwambia hata mama.

Kipimo cha kichocho cha tumbo tunakifanya kwa njia ya Kato-Katz. Unachukua choo kidogo sana, kipimo kimoja kilichowekwa, unakifunika kwa kipande cha selofani cha kijani, unaangalia kwenye hadubini na kuhesabu mayai. Yai lenyewe lina mwiba ubavuni, ukilijua hulisahau. Idadi uliyoipata unaizidisha mara 24, ndiyo mayai ya gramu moja. Maana yake ukiruka yai moja umeruka 24. Siku moja tuliletewa vioo vingi vya watoto wa shule ya mwambao. Umeme ulikatika mara mbili, macho yananiuma, na vilibaki vioo 4. Nikaandika kwenye mistari minne: hakuna, hakuna, hakuna, hakuna. Nikafunga daftari nikaenda kupanda gari.

Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo la kutisha katika kazi hii, msomaji. Tabibu analindwa na jicho la mgonjwa. Akikosea, mtu analia mbele yake. Mtafiti analindwa na nani? Mstari kwenye daftari haulii.

Nilifika Kiseke nikala, nikalala, sikulala. Niliona mistari ile minne. Haikuwa na majina, ilikuwa namba tu, lakini kila namba ilikuwa na mguu wake ndani ya maji. Alfajiri nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nikavitoa vile vioo 4 nikavisoma. Vitatu vilikuwa safi. Cha nne kilikuwa na mayai 11. Mara 24, ni 264. Nikafuta, nikaandika upya, nikaweka sahihi pembeni. Mtoto huyo simjui hata leo. Alipewa dawa yake kama wenzake, wakapima urefu wake kwa kijiti kama wanavyofanya shuleni, akameza, akarudi ziwani. Hajui kwamba usiku mzima alikuwa amefutwa duniani na mtu aliyechoka.

Nilichojifunza ni kwamba naweza kuona haya mbele ya namba. Sisemi kwa kujisifu. Nilianza kwa kosa. Lakini sikuwa najua kwamba ninao uwezo huo, na nadhani si kila mtu anao, kama vile si kila mtu anaweza kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha anayetapika damu.

Jumatano nilikwenda kumsaidia mama. Anauza dagaa, hununua wabichi mwaloni na kuwaanika mwenyewe, kisha anawauzia wafanyabiashara wa Kirumba wanaowapakia magunia kwa magunia, mengine mpaka Kongo. Wenzake wengi huwaanika juu ya mchanga. Yeye huwaanika kwenye chanja, ingawa chanja zinamgharimu na mnunuzi akilijaza gunia haulizi dagaa wa katikati walikaukia wapi. Nilimkuta anachambua, anatoa mawe madogo na vichwa vilivyooza, pole pole, kama anayechagua mchele wa mgeni.

Nikamuuliza, "Mama, hawa wanakwenda Kongo. Huyo mlaji humjui na hakujui. Unajisumbua hivi kwa ajili ya nani?"

Hakuinua kichwa. "Simjui, lakini ana meno."

Nikanyamaza. Baadaye kidogo ndiyo akanitazama, akaona jinsi nilivyokuwa namtazama, naye mama yangu si mjinga. Akasema, "Ahaa. Umeshachagua."

"Ndiyo, mama. Nimechagua ile ya kuzama."

Akachambua tena kwa muda mrefu. "Mimi bado nilitaka daktari," akasema. "Mdogo wangu alikufa mikononi mwetu. Nilitaka nyumba hii iwe na mtu wa kuamshwa usiku." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli tupu. Aliongeza tu, "Basi ukihesabu hao konokono wako, uhesabu wote."

Alhamisi nilipeleka majibu yangu. Kwenye barua ya mradi nimeweka ombi moja, kwamba kila kijiji tutakachochukulia sampuli turudi na kuwaambia wenyewe, kwa mdomo na kwa lugha yao, tumeona nini. Sijui kama litakubaliwa. Nimeliweka. Ile ya chuo cha udaktari niliandika mistari mitatu ya kushukuru, na ilinichukua muda kuliko hii makala yote.

Naandika haya si kwa kuwa nina uhakika. Usiku nikisikia hatua uani bado naamka, nadhani ni mtu anagonga, na najua akigonga nitakuwa na kanga ya watu mkononi na namba ya bodaboda, basi. Hiyo ndiyo gharama, na wale saba hawawezi kunirudishia. Vijana wenzangu mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mnaandika. Nanyi mnamwandikia mtu msiyemjua, usiku, hakuna anayewaangalia, na mngeweza kuandika "hakuna" mkalala. Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, lakini hakutuambia kila mmoja wetu asimame mbele ya yupi. Hilo ametuachia.

Wewe je, ungejibu barua ipi? Na ukishajibu, wewe ni wa nani?